Manus, Aliyetoka Kabla ya Baraka

Ndugu yangu Manus Gildea hakuisikia baraka ya mwisho ya misa ya Jumapili kwa miaka ishirini na miwili. Naliandika jambo hili wazi, kwa sababu niliwahi kulificha, na kulificha kwangu nusura kubadilishe kila kitu.

Manus alifanya kazi ya barabara katika halmashauri yetu ya Donegal. Alijaza mashimo lami, alizibua mitaro, na asubuhi za barafu alimwaga chumvi kabla watu hawajaamka. Hakuoa. Tuliishi watatu, yeye, mimi na Mama, pale Meenaduff, kilomita moja na nusu kutoka kanisani. Akikutana na gari lolote njiani, aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kusalimia, hata kama dereva alikuwa mgeni.

"Unamjua yule?" nilimuuliza siku moja.

"Simjui. Ila yeye sasa ananijua."

Jumapili nilimpeleka Mama misa ya saa tano kwa gari, na Manus akaja kwa miguu. Sisi tulikaa mbele. Yeye alisimama nyuma mlangoni na wanaume wenzake, na wakati wa kupiga magoti aliweka kofia sakafuni akapiga goti moja tu juu yake. Akishapokea komunyo, badala ya kurudi mahali pake alinyoosha moja kwa moja hadi nje. Wanaume kama hao ni wengi kwetu. Mimi nilikuwa msomaji wa masomo kanisani, na jambo hilo liliniumiza.

"Hata Yuda alitoka mapema," nilimwambia kila Jumapili.

"Yuda hakuwahi kwenda kupika viazi, dada yangu."

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Viazi alikuwa ameviosha asubuhi, viko tayari kwenye sufuria. Akifika anawasha jiko, na sisi tukiingia dirisha limejaa mvuke na kabeji inanukia. Mama alikuwa akiuliza kabla hajavua koti: "Vimeiva?" Na Manus alijibu: "Bado, Mama. Kaeni kwanza, Dymphna amalizie sala zake."

Nilikasirika kila mara. Leo ningetoa chochote nikasirishwe tena.

Jirani yetu Nuala McColgan ana mwana, Odhrán, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu. Alinunua gari la kijivu lenye nguvu za kushangaza, lililotengenezwa kwa mashindano. Jumamosi moja ya mwezi wa Mei alilileta mlangoni kwetu. Mimi nilikuwa naanika nguo. Manus alikuwa ameinama chini ya boneti, anacheka.

"Hii ni ndege, Odhrán. Mabawa umeyasahau wapi?"

"Panda nikuoneshe, Manus. Au kesho. Saa tano na nusu barabara ni yangu peke yangu, kijiji kizima kiko kanisani kinapiga magoti."

"Kesho nina viazi."

"Ee, nimesahau! Wewe hata Padre humsubiri amalize. Siku moja nitakupigia honi hadi kofia iruke."

Wakacheka wote wawili. Nami nilicheka, na pini za nguo mdomoni.

Kesho yake, saa tano na dakika arobaini na tatu, Odhrán aliipita kona ya daraja, kati ya kanisa na kwetu, kwa mwendo wa kilomita mia moja na arobaini na tatu kwa saa. Kibao cha mwendo kinaruhusu themanini. Manus alikuwa upande wake wa barabara, kofia mkononi. Alifariki palepale. Naamini alikwenda mbele ya Mungu akiwa bado na komunyo ndani yake, na hilo ndilo lililonishikilia siku zile.

Nyumba ilijaa watu waliokuja kumkesha. Padre alikuwa mezani, kina mama wanamsifu marehemu, na sajini wa polisi akaketi jikoni na kikombe cha chai mbele yake.

"Samahani, Dymphna. Misa ilikuwa haijaisha. Alikuwa anafanya nini barabarani?"

Wote walinitazama. Nikasema ndugu yangu hakuwa na tabia ya kutoka kabla ya baraka, na kwamba lazima siku ile alijisikia vibaya. Sajini akaandika, nami nikatia sahihi. Nilidhani namlindia Manus heshima yake.

Kesi ilifika mahakamani baada ya miezi kumi na minne. Odhrán alikiri kwamba aliendesha bila uangalifu. Alichokataa ni shtaka kubwa, la kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo. Wakili wake, Bwana Hession, alikuwa mpole na mwenye sauti nzuri. Aliwaambia wananchi kumi na wawili waliochaguliwa kuamua kesi kwamba gari lile lina breki zenye nguvu mara mbili ya zile za gari la kawaida, kwamba kijana amefundishwa mashindano, kwamba lami ilikuwa kavu na jua linawaka. Mwendo peke yake, alisema, unavunja kibao tu, haujawa hatari. Hatari huja pale dereva anapokuwa na sababu ya kutarajia mtu mbele yake.

"Na nani angetarajia mtu?" akauliza. "Parokia nzima iko kanisani. Familia ya marehemu yenyewe imeandika kwamba hakuwa na tabia ya kutoka mapema."

Akainua karatasi yangu. Niliiona sahihi yangu kutoka kiti cha nyuma. Mama alikuwa kando yangu na rozari yake. Nuala alikuwa upande wa pili, amekonda, naye ana yake.

Nilipoitwa kutoa ushahidi nilishika Biblia. Wakili wa serikali, Bi Considine, aliniuliza juu ya maelezo yangu, naye alitaka kuyapita haraka.

"Hayo niliyoandika si kweli," nikasema.

Nikasema yote: mlango wa nyuma, kofia, viazi, miaka ishirini na miwili. Kisha nikasema maneno ya Odhrán pale kwenye boneti, kama nilivyoyasikia. Sikumtazama Nuala.

Bwana Hession akasimama. "Kwa hiyo uliwadanganya polisi, Bi Gildea."

"Ndiyo."

"Basi kwa nini tukuamini leo?"

"Kwa sababu leo naona aibu. Siku ile sikuona."

Nikarudi kitini, nikiwa na hakika kwamba nimemvua Manus nguo mbele ya watu. Mama, ambaye hasikii vizuri na hivyo husema kwa sauti, akaniinamia: "Kwani walidhani viazi vinajichemsha?" Mtu mmoja alicheka, kisha akajizuia.

Jaji aliwaeleza wale kumi na wawili kwamba wasiulize gari linaweza kwenda kasi gani, wala kibao peke yake kinasemaje. Waulize dereva makini, anayeijua barabara ile, saa ile, na watu wa pale, angetarajia nini mbele yake kabla ya kukanyaga mafuta.

Walirudi baada ya saa mbili na nusu. Ana hatia ya kuendesha kwa hatari.

Sikufurahi. Nje ya ukumbi Nuala alinijia, nikafikiri atanipiga.

"Mwanangu alimpenda Manus," alisema. "Unajua hilo?"

"Najua. Niliwasikia wakicheka."

Tulishikana mikono. Ninamwombea Odhrán kila siku, na ninapochoka kumwombea, ninamwomba Manus amwombee.

Jumapili iliyofuata nilimwomba jirani ampeleke Mama misa na kumrudisha. Sikukaa mbele. Nilisimama nyuma mlangoni, na Eunan, aliyesimama kando ya Manus miaka yote ile, akanikodolea macho.

"Dymphna, umepotea? Viti viko kule."

"Nina viazi."

Eunan alisogea, nao wenzake wakasogea, wakaniachia nafasi iliyokuwa tupu pembeni mwa ukuta. Nikapokea komunyo na nikanyoosha hadi nje.

Barabara ilikuwa kimya kweli. Niliweza kusikia maji ya mtaro aliouzibua Manus. Pale kwenye kona wenzake wa halmashauri walikuwa wameweka lami upya, nyeusi kuliko ile ya zamani. Niliivuka taratibu, nikisema baraka yangu mwenyewe.

Nyumbani niliwasha jiko. Dirisha lilikuwa limeanza kuingia ukungu niliposikia mlango wa gari, kisha miguu ya Mama barazani.

"Vimeiva?" akaita kabla hajavua koti.

Nilifunua sufuria, nikachoma kiazi kimoja kwa uma.

"Bado, Mama," nikasema. "Kaa kwanza."