Uji wa Mke wa Mjomba

Kwa miaka kumi na moja hatukula kwa mke wa mjomba. Si kwamba alipika vibaya. Bibi alikufa kwa tumbo, akafuata mama, akafuata mjomba, na wote walikuwa wamekula kwake. Ukoo ukakaa, ukaangaliana, ukaona mmoja tu asiye wa tumbo letu. "Kawalisha kitu," wakasema. Akafukuzwa, akarudi kwao Kitanga. Mizigo nilimfungia mimi, kwa hasira, nikamvunjia na kikombe.

Mwaka jana nikashikwa na kiungulia. Nilimeza dawa za vidonda vya tumbo mpaka muuza duka la dawa hapa Kasulu akaanza kuniita shemeji. Mwishowe nikapewa rufaa, nikapitishwa mpira wenye kamera kooni. Daktari akasema ukuta wa tumbo unaonekana mzima, ila kuna aina ya saratani inayojificha ndani ya ukuta, kwa hiyo amekata vinyama vya kupima. Halafu akachukua karatasi.

"Katika ndugu wa tumbo moja na mama yako, nani aliumwa tumbo?"

Kwetu tumbo ni ulikotoka na ni unakoshibia. Nikamuuliza, "Tumbo lipi, daktari?"

"Yote mawili," akasema, wala hakucheka.

Akachora ukoo wangu kwa viduara na visanduku, akawapaka wino waliokufa. Bibi, mama, mjomba. Karatasi ikawa nyeusi.

"Walilishwa sumu," nikamweleza, asije akahangaika bure. "Mke wa mjomba."

Akamchorea kiduara pembeni, akakiacha cheupe. "Huyu hana damu yenu. Naye alikula chakula hichohicho?"

"Si ndiye aliyepika!"

"Anaendeleaje?"

"Mzima. Analima mihogo."

Daktari akaandika "mzima" pembeni ya kiduara cheupe. Nilishaanza kuelewa, na sikupenda.

Damu yangu ikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yakarudi: kuna jeni inayoshikamanisha seli za tumbo, na yangu ina kasoro inayoleta saratani. Inaelekea aliileta bibi. Kila mtoto wa mwenye nayo huipata au huikosa, kama kurusha shilingi. Mama aliipata, mjomba aliipata, mimi nimeipata. Vinyama navyo vilikutwa na seli chache mbaya. Tumewahi, wakasema, ila tumbo litolewe lote.

Kabla ya upasuaji nikaenda Kitanga. Nilimweleza mke wa mjomba kila kitu, nikamwomba radhi kwa niaba yangu na ya ukoo ambao haukunituma. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alisikiliza huku anakoroga uji. Akamimina, akakiinua kikombe aonje kwanza, kama anavyomfanyia kila mgeni tangu tumfukuze.

"Mama, usionje," nikamwambia. "Nimeshajua si wewe."

"Wewe umejua," akasema. "Ukifia huko kwenye kisu, watauliza ulikula wapi mara ya mwisho."

Akaonja, akanipa.