Mama Volti na betri ya chumba cha uzazi

Saa mbili asubuhi, Mama Volti ameshavaa glavu. Mezani kwake kuna betri ya lithiamu iliyofunguliwa kifuniko, na mkunga wa zahanati amesimama kando, mikono kifuani.

"Tukiwasha taa ya chumba cha uzazi, dakika chache tu, giza," mkunga anasema. "Tumeambiwa tuitupe."

"Ngoja kwanza. Hatutupi tusichokipima."

Ndani mna seli nne. Anazipima moja moja. Tatu zinasoma volti 3.3. Ya nne inasoma 2.4, na imevimba ubavu.

"Huyu ndiye anayewaangusha wenzake. Mmoja akiishiwa, kinga inakata umeme wote."

Kinga hiyo ni kibao kidogo cha kielektroniki kinachozuia betri isichajiwe kupita kiasi wala kunyonywa hadi tone la mwisho. Mkunga anaomba iondolewe, angalau wiki hii. Kuna mama anayekaribia kujifungua.

"Dada yangu, hapo utanisamehe. Bila kinga, taa utaipata, na moto unaweza kuupata pia."

Kisha anaingia chumba cha pili, anachomoa betri inayoendesha cherehani yake na kumkabidhi. "Tumieni hii. Nguo za watu zitasubiri, mtoto hasubiri."

Cherehani ndiyo iliyomwingiza katika kazi hii. Alikuwa fundi nguo tu, mpaka betri yake ilipogoma. Kaka yake, fundi umeme, akamwonyesha namna ya kupima. "Nikamganda kama luba," anacheka. Mama mkwe wake alilalamika kwamba mkamwana anacheza na radi. Siku hizi ndiye anayemletea wateja.

Tatizo la zahanati lilianzia kwenye chaja: walitumia ya betri za maji, kama za gari, isiyofaa lithiamu. Mama Volti anatafuta seli inayolingana na zile tatu, anaziunganisha zote sambamba hadi volti zilingane, ndipo anazifunga upya. Anaichaji betri kwa chaja yake, kisha anaiwashia taa kubwa mchana kutwa. Haizimi.

Asubuhi inayofuata, bado anakaza skrubu za kifuniko, simu inaita. Ni mkunga.

"Wa kike! Kazaliwa alfajiri, na kwa betri yako taa haikupepesa hata kidogo!"

Mama Volti anavuta kigoda, anakaa, anafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Anapanga kuzungukia zahanati za jirani kuwafundisha watunzaji: chaja sahihi, nyaya zilizokazwa, betri isiachwe juani.

"Ikitunzwa inadumu miaka mingi," anasema. "Watu hawajaambiwa tu. Nitakwenda kuwaambia."