Kifaransa cha Mwalimu Taieb

Mwalimu Taieb wa Kairuani alikuwa gwiji wa Kiarabu. Mtaani kwake haikuandikwa posa wala rambirambi bila yeye. Lakini kwenye Kifaransa kalamu yake ilishikwa na baridi yabisi. Utotoni alichapwa fimbo kwa kila kosa, na tangu hapo hakuthubutu kuandika ila sentensi alizokuwa na hakika nazo: afya, hali ya hewa, na salamu za heshima.

Sasa alimtaka mjukuu wake. Mtoto alikuwa ameshaanza kukimbia huko Lyon, Ufaransa, na babu hajamtia machoni. Mwanawe Anis alimwambia wazi kwenye simu, "Baba, mimi sina neno. Mwenye hofu ya safari ni mama mtoto. Mwombe yeye."

Basi akamwandikia Solène, mkazamwana wake Mfaransa, kwa mtindo wa kwao, ambako mwungwana hadai. Huzunguka mpaka mwenzake aelewe. Akamuuliza hali, akauliza wazazi, majirani na mvua, akadokeza kwamba nyumba imekuwa kimya. Majibu yakaja: wote wazima, mvua ipo, pole kwa ukimya.

"Pole kwa ukimya!" Mkewe Mongia alicheka mpaka akasahau kuskusi jikoni. "Mwalimu mzima, umeomba mjukuu, umepewa mvua!"

"Nimeomba kwa adabu."

"Adabu yako Mfaransa haioni, mume wangu. Mwambie amlete, basi."

"Ataniona sina malezi."

"Na ukifa hujambeba, malezi yatakufaa nini?"

Hilo lilimchoma. Akaketi, akaisahau ile fimbo, akaandika mstari mmoja wenye makosa tele: mlete mtoto, mimi mzee, nataka kumbeba. Alipokwisha kuutuma aliona aibu.

Jibu lilikuja kwa Kiarabu. Kumbe Solène alikuwa akijifunza kimyakimya. Herufi zake zilipepesuka kama mtoto anayeanza kutembea. Aliuliza hali ya Mongia, ya majirani, ya mlimau. Akauliza kama kile kisima cha uani, alichokiona alipowatembelea, bado hakina kifuniko. Akamalizia kwa dua.

"Hajajibu!" Mongia alifoka. "Salamu chungu nzima, na hajajibu!"

Taieb alisoma tena kwa furaha.

"Anauliza kisima, mke wangu. Mtoto anakimbia," alisema, akatoka kwenda kutafuta nyundo na mbao.