Mashine Iliyopewa Maziwa

Umeme ulikatika Karatu mjini nikiwa dukani kwa dada fundi simu. Betri ya sola ilibaki na tundu moja, nalo lilikuwa na simu ya mzee wa Kimaasai kutoka kijiji cha Piyaya. Kompyuta ya dada ikaanza kulia kwamba chaji inaisha.

"Shikamoo, baba," dada akamwambia mzee. "Naomba nichomeke hii."

"Marahaba. Ina nini?"

"Ni rileya. Inapeleka ujumbe kati ya mitandao miwili ya blokicheni, yaani daftari za pamoja za kompyuta nyingi, isiyosikilizana. Ikizimika, ujumbe wa watu unakwama njiani, na wanaonilipa watampa mwingine kazi hii."

"Mashine hiyo huongeza maneno yake?"

"Hata moja, baba."

"Na jibu hurudisha?"

"Hurudisha."

Mzee akachomoa simu yake taratibu. "Basi inywe. Kwetu mleta habari hupewa maziwa kwanza. Shemeji yangu hunywa, halafu habari anasahau."

Tulicheka hadi wapita njia wakachungulia.

Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akipeleka salamu zangu kwa majirani, na kila mara alizitia utamu njiani. Usiku nilimwomba Mungu amfikishie zangu. Nikaongeza kwamba, akipenda, Yeye naye azitie utamu kidogo.