Dishi la Gari na Betri ya Salamu

Jumapili iliyopita, Kabeya mwanangu, ulipoingiza gari la zahanati hapa nyumbani na lile dishi jipya likiwa juu ya paa, nilikaa kimya ukadhani sikufurahi. Nilifurahi. Ila akili yangu ilikuwa imeshaondoka, imerudi kwenye gari jingine, ng'ambo ya mto Lufira, enzi nikiwa msichana aliyetoka juzi tu shule ya uuguzi. Sasa nimetulia, na mfanyabiashara amekuachia madishi mawili, hilo na jingine dogo, uyajaribu kabla ya kuchagua. Keti nikueleze. Na wewe mwingine unayesoma haya, ingawa sikukuzaa, wewe pia ni mwanangu, sogea.

Kwanza niseme niliyoyaona. Gari hilo kazi yake ni kwenda vijijini kupita Mwadingusha, kule ambako simu zetu hazishiki kitu, kuwaleta wagonjwa, hasa kina mama wajawazito. Zahanati imekupa wewe dereva kazi ya kuchagua intaneti ya setilaiti itakayokaa humo. Ukaliegesha hapa katikati ya kiwanja, injini inanguruma, mchungaji akaliombea dishi kama anayebariki mtoto, halafu watu wa kanisa wakapanga foleni kuzungumza na ndugu zao wa Kasai. Tantine Ngalula alipomwona kaka yake usoni, huko Mbuji-Mayi, alilia mpaka kitenge chake kikaloa. Nami nililia, usiniulize kwa nini.

Ukanijia umejaa furaha. Hili la paani, ukasema, linashika hata gari likiwa mwendoni. Lile jingine dogo ni mpaka usimame, ulishushe, ulitafutie mahali pa wazi. Halafu ukaongeza neno moja, kwamba vijijini utaifunga intaneti kwa nenosiri.

"Na kule ku mugini nitafunga na mot de passe, Maman. Bale bantu banaweza kutumaliza."

Hapo ndipo niliponyamaza. Hukusema kwa ubaya, nakujua. Una haki ya kuogopa, maana umeona foleni ya hapa mjini, sembuse kule ambako mtu anaweza kumaliza mwaka hajasikia sauti ya mwanawe. Lakini neno hilo nilishawahi kulisema mimi, na nilikemewa.

Gari letu la wakati ule lilikuwa la misheni, na dereva wake alikuwa Papa Mutombo, mzee mfupi, mkali kwa magari na mpole kwa watu. Intaneti haikuwapo. Tulikuwa na foni, ile redio ya kuzungumzia, yenye antena ndefu iliyofungwa kwenye bampa na kutikisika njia nzima kama fimbo ya kuvulia samaki. Ilipofika mpya tuliijaribu vilevile mlivyofanya ninyi: uwanjani kwa misheni, injini inawaka, sala imeshasomwa, kila mtu anacheka. Ilizungumza na misheni ya mji wa Kolwezi vizuri ajabu. Tukaisifu, tukaondoka.

Kazi ya foni ilikuwa kumwita daktari. Lakini vijiji vilikuwa na desturi yao. Siku ya gari ilijulikana, na ndugu waliokuwa mjini nao waliijua, wakaja kungoja kwenye foni ya misheni ya huko. Basi tukifika kijijini, kabla hata sijafungua sanduku la dawa, watu walikuwa wameshasimama mlangoni kwa dereva, mzee mbele, vijana nyuma, kila mmoja ana neno lake. Mmoja anataka kumwambia mwanawe kwamba mihogo imekauka. Mwingine hana habari yoyote, anataka tu kusema "yambo" na kusikia "yambo" ikirudi. Papa Mutombo hakumkatalia mtu. Ila mafuta yalikuwa ya shida, kwa hiyo alizima injini, na foni ikaendelea kuzungumza.

Siku ninayokuambia, foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Ndani yake alikuwamo msichana wa umri wangu, jina lake Mwansa, mwenye mimba kubwa ya kwanza. Mama yake alikuwa Kolwezi. Nilimwona akishika kile kidude cha kusemea kwa mikono miwili, anacheka, anasema mtoto anarukaruka tumboni, anaahidi kwamba mvua zikiisha atampeleka amwone. Nilitabasamu, nikarudi kwenye kazi yangu ya kuchanja watoto.

Jua lilipopita utosini wakaniita mbio. Mwansa alikuwa ameshikwa na uchungu, na uchungu haukuwa mzuri. Nilipompima nikaona mtoto amekaa vibaya, amelala kimshazari, na mimi mikono yangu ilikuwa bado migeni kwa kazi hiyo. Nikasema, huyu ni wa hospitali, na ni sasa. Tukamlaza nyuma garini juu ya godoro. Papa Mutombo akazungusha ufunguo. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza.

Akazungusha tena, kimya. Akashika foni amwite daktari, nayo ikatoa sauti kama ya mbu, kisha ikafa. Betri ilikuwa moja tu, ya gari na ya foni, na salamu zilikuwa zimeinywa yote.

Mwanangu, hasira niliyoipata siku ile sijaipata tena. Nilishuka nikawageukia wale watu. Niliwaambia wameua gari kwa ajili ya mihogo na yambo, na kwamba nikirudi misheni nitaomba foni ifungwe, asiiguse mtu ila sisi wa kazi. Nilisema mengi. Wazee waliinamisha vichwa, kwa sababu walijua jinsi Mwansa alivyokuwa, na Mwansa alikuwa mtoto wao kabla hajawa mgonjwa wangu.

Aliyenijibu alikuwa yeye mwenyewe, kutoka kwenye godoro, kati ya uchungu na uchungu, akiniita yaya kama anayemwita dada yake mkubwa.

"Yaya, minye pia nilisema."

Nikakosa pa kuuweka uso wangu. Papa Mutombo akanishika bega, hakunisukuma, akanitazama tu. "Weye Kapinga, acha kelele. Kamata mukono ya mugonjwa. Hii gari, bale unatukana njo batasukuma."

Na ndivyo ilivyokuwa. Barabara ya kutoka kijijini ilipanda kwanza ndipo ishuke. Wanaume, wanawake, na wale wazee niliowatukana, walilisukuma gari lile kwenye tope mpaka juu, wanaimba ili wapumue pamoja, na mimi ndani nikimsikia Mwansa akiugua kila gari liliporudi nyuma kidogo. Kule juu wakaliachia, likateremka, injini ikashtuka ikawaka. Waliobaki nyuma hawakushangilia. Walisimama tu wakitutazama tukienda.

Tulifika hospitali jua likiwa limelala. Mwansa alipona. Mtoto hakulia. Alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa. Daktari alisema tungefika mapema kidogo labda ingekuwa habari nyingine. Hiyo "labda" nimeishi nayo.

Nilimkuta Papa Mutombo nje anaosha sakafu ya gari kwa ndoo. Nilikuja nikiwa bado na hasira, nikarudia lile lile la kufunga foni. Akaacha ndoo.

"Sikiya, mutoto yangu. Muntu anatafuta sauti ya mama yake, utamukatalia namna gani? Bale hawana makosa. Makosa ni ya siye. Tulipima ile mashine mu lupango ya misheni, moteri inawaka, tunacheka. Hatukuuliza itakula nini siku moteri inalala." Akaokota ndoo yake. "Kintu ya gari, unaichagulia fasi gari inakwama, haiko fasi inalala." Alimaanisha pale gari linapokwama, si pale linapolala.

Alinikemea kwa sauti ya chini, naye machozi yanamtoka, hakuyaficha. Nadhani alikuwa anajikemea yeye zaidi kuliko mimi. Baadaye alizunguka karakana za mjini akiomba, mpaka akapewa betri kuukuu ya lori. Akaitengenezea sanduku la mbao nyuma ya kiti, akaiunganisha na foni peke yake, na waya wa gari akautenga kwa swichi. Injini ikiwaka, zote mbili zinashiba. Injini ikizimwa, foni inakula ya kwake, ya gari haiguswi. Vijijini wakaipa jina, betri ya yambo, na hadi siku aliyostaafu yule mzee hakuna aliyefukuzwa kwenye foleni. Kulikuwa na sharti moja tu: mgonjwa akiwapo, foni ni ya mgonjwa. Watu walilitii bila kuambiwa mara ya pili, kwa sababu hakuna aliyeisahau siku ile.

Sasa nikupe la mwisho ndipo nikushauri. Unamjua Mama Mwansa anayeuza mboga pale sokoni, yule ambaye kila ukipita anakulazimisha upokee nyanya bure? Ndiye huyo Mwansa wa kwenye godoro. Hukuwahi kuuliza kwa nini ananiita yaya na tumelingana. Jumatatu alipita hapa, akasimama mbele ya gari lako akilitazama lile dishi kwa muda mrefu, akaniuliza ni la nini. Nikamweleza. Nikamwambia pia habari ya mot de passe, maana mbele yake sifichi kitu.

Akaniambia jambo ambalo miaka yote hii hakuwa ameniambia. Mama yake alifariki Kolwezi kabla mvua hazijaisha, hawakuonana tena. Sauti aliyoisikia kwenye foni asubuhi ile ilikuwa ndiyo ya mwisho.

"Mutoto yangu nimemulilia mupaka leo," alisema. "Lakini mama yangu nilimusemesha. Hii ya Kabeya, sura pia ingeonekana?"

Nikasema ndiyo, ingeonekana.

Akafuta vumbi kwenye kioo kwa ncha ya kitenge chake, kama mtu anayepangusa uso wa mtoto. "Basi umuambie asibafungie."

Nimekuambia. Kama kuna mtu duniani mwenye haki ya kutaka foleni ile ifungwe, ni yeye, na yeye ndiye anayeombea iachwe wazi. Mimi sina la kuongeza juu ya hilo, ila la kukusaidia lifanyike.

Chagua hilo la paani, sikukatazi. Mama anayevuja damu hana muda wa wewe kusimama na kutafuta mahali pa wazi, na muuguzi akiweza kumuuliza daktari gari likitembea, hiyo ni neema ambayo mimi sikuwa nayo. Lakini usilisifu hapa kwangu. Kesho lipeleke kule bondeni ambako miti imekutana juu ya barabara, pale unapokwama kila masika, uzime injini, ukae. Dishi linataka kuiona mbingu, na matawi ni paa. Ujue mapema ni wapi litanyamaza na ni mbele kiasi gani linaanza tena, ili siku ya shida usianze kutafuta. Lile dogo nalo lijaribu papo hapo, maana linakula umeme kidogo na unaweza kulibeba hadi uwazini. Ukiona bonde limelishinda kubwa, rudi uwaambie wazee wa zahanati ukweli, hata kama kubwa ndilo linalopendeza.

Lolote utakalochukua, lisile kwenye betri ya gari. Litafutie ya kwake, mwite fundi anayejua kuzitenga, na ujaribu mwenyewe: watu wazungumze mpaka dishi lizime, halafu uone kama gari linawaka. Abonema, yaani malipo ya intaneti ya kila mwezi, nayo chukua ile inayolifuata gari popote. Ile ya bei ndogo iliyofungwa kwenye nyumba moja mjini itakucheka ukivuka Lufira. Uliza kama vibali vya nchi viko sawa, na nani atalipia mwezi ukiisha wewe ukiwa porini. Foni ya zamani iliyomo bado garini mwako usiing'oe hadi dishi limemaliza masika nzima. Mot de passe weka, kwa simu ya muuguzi, ili mgonjwa awe wa kwanza siku zote. Akishahudumiwa, fungua. Waache watu waseme yambo zao.

Wakikuchosha, na watakuchosha, kumbuka kwamba siku gari lako litakapokwama hutasukumwa na dishi. Utasukumwa na hao.

Haya, nenda mwanangu. Mungu wa baba zako waliotoka Kasai kuja kuchimba shaba hapa akutangulie kwenye kila kilima na kila tope. Ukizungusha ufunguo, gari liwake. Ukimwita daktari, aitike. Mtoto utakayemleta alie kwa nguvu hadi nimsikie nikiwa hapa, na anayemtafuta mama yake kupitia paa la gari lako, ampate akiwa bado yupo.