Baba Hakupanda Mgomba

Nyumba yetu katika kata ya Bakoba ni ya udongo na bati, karibu na uwanja wa mpira. Wazazi walipofariki niliacha shule ili wadogo zangu watatu wasigawanywe kwa ndugu. Tangu hapo tunalala chini ya paa moja.

Mwaka huu tuliitwa kwenye mkutano wa mtaa. Afisa wa ardhi alieleza kwamba mashindano ya Afrika yakichezwa nchini, huenda timu zikaja kufanyia mazoezi kwetu, na viwanja vinavyouzunguka uwanja vitajengwa upya. Akatuonyesha mchoro: nyumba za ghorofa, matangi ya maji ya mvua, madirisha ya kupokea upepo wa ziwa, miti katikati. Wageni wakiondoka, nyumba hizo zitapangishwa kwa wakazi wa kawaida.

"Mpira ni sababu tu," alisema. "Nyumba ndizo zitakazobaki."

Nilimwamini. Hata sasa namwamini.

Siku ya kupima viwanja, afisa alizunguka nyuma ya nyumba akakuta maharage tu.

"Migomba iko wapi?"

"Hatuna, mzee."

"Mibuni je?"

"Hatuna."

"Mhaya bila mgomba? Mnakula upepo, waitu jamani?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kwetu, aliyekaribishwa kwenye ardhi ya mtu hulima maharage, mahindi au viazi. Hapandi mgomba wala mbuni, kwa sababu mimea hiyo hudumu, na aliyeipanda huhesabiwa mwenye kibanja, yaani mwenye ardhi yenyewe. Baba alikaribishwa kwa mdomo na mzee mmoja, akaiheshimu desturi hiyo mpaka kufa. Sasa hapakuwa na chochote ardhini cha kututetea.

Jirani yetu, mama mmoja muuza ndizi, alinivuta pembeni. "Nenda kwa shangazi yako Izimbya ukalete machipukizi makubwa, uyapande leo. Nani atajua?"

"Mgomba wa jana unajulikana, mama."

"Basi kaa na heshima yako. Ikinyesha, jifunike nayo."

Nilikwenda Muleba kwa mtoto wa yule mzee aliyemkaribisha Baba, ambaye ndiye mwenye ardhi sasa. Alinipokea vizuri, akanipa kahawa ya kutafuna. Nikamwomba amwambie afisa kwamba tumeishi pale tangu kabla sijazaliwa.

"Baba yako alikuwa mtu wa heshima, mwanangu," alisema. "Hakupanda hata mgomba mmoja kwetu. Hilo nitalisema mbele ya yeyote."

Nilikuwa nimeshamshukuru nilipoelewa kwamba amenikatalia.

"Na wadogo zangu?"

"Vuneni maharage yenu kwanza. Siwezi kuwatoa mkiwa na mazao shambani."

Nyumbani, maganda ya maharage yalikuwa yameshaanza kukauka.

Shangazi wa Izimbya anaweza kumchukua mmoja, yule mdogo kabisa. Kwa wengine wawili hakuna ndugu aliyekubali. Nilipowaeleza wadogo zangu, hakuna aliyelia. Mdogo aliuliza tu kama Izimbya kuna nafasi ya kitanda kikubwa, tulale wote.

Wiki iliyopita mafundi walileta mawe ya msingi kwenye kiwanja cha jirani. Nilimfuata msimamizi nikaomba kazi ya kuchanganya zege, na usiku niwe mlinzi, maana mlinzi hujengewa kibanda cha mabati. Nikamuuliza kama mlinzi anaruhusiwa kulala na wadogo zake.

"Wangapi?"

"Watatu. Hawana kelele."

Alitazama mchoro wake, akasema ataniambia. Kila asubuhi napita pale, namsalimia, nasimama mahali anaponiona. Bado hajaniambia.