Siku Nne za Mama Sentimita

Mtaani walimwita Mama Sentimita, na jina lenyewe alilipenda. Kwa miaka ishirini na sita, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mama yangu alishuka mtoni, akasoma namba kwenye nguzo ya kupimia maji, akaiandika kwenye daftari la serikali. Sheria ya kazi ilikuwa moja tu: usiache mstari mtupu. Aliyemtangulia aliacha miwili, akafukuzwa.

Mto ule unaanzia kwa majirani zetu wa juu, nchi kubwa, tajiri, ikikohoa kila mtu anageuka. Walipojenga bwawa, maji yetu yakaanza kupungua. Wao wakadai mto wetu siku zote ulikuwa mdogo vile vile. Jamani! Ukaitishwa mkutano wa kugawana maji, na ushahidi pekee tuliokuwa nao ni madaftari ya mama. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa na shamba kwenye mfereji unaotoka mtoni. Madaftari yakikataliwa, shamba lake na mashamba ya wenzake yote yamekwisha.

Nilimsindikiza mama mjini kumbebea mabegi. Ukumbi tulioingia, majirani hao hao ndio waliotujengea. Viti vyao, viyoozi vyao, hata maji ya chupa mezani yalitoka kwao.

"Maji yetu haya," mama akaninong'oneza. "Wametuwekea kwenye chupa."

Nikacheka, mkurugenzi wetu wa idara ya maji akanikata jicho.

Mtaalamu wao, kijana mpole wa miwani, alifungua daftari la zamani. "Mama, hapa siku nne mfululizo namba ni ile ile. Na ulikuwa msimu wa mvua. Ulikwenda mtoni?"

Mkurugenzi alishamfunda kwenye korido: wakikuuliza, sema mto ulitulia, basi. Tarehe zile nilizijua.

"Sikwenda," mama akasema. "Binti yangu huyu alikuwa mdogo, yuko mahututi, nimekaa naye hospitali. Niliporudi nikajaza namba ya mwisho niliyoisoma, kwa sababu mstari mtupu ni kufukuzwa. Lakini siku nyingine zote nilishuka, baba. Hata nikiwa na homa nilishuka."

Kijana akainamisha kichwa. Aliona aibu, nampa haki yake. Lakini mkubwa wake akataka madaftari yote yaondolewe mezani, yote ya miaka ishirini na sita, na yakaondolewa. Nilishindwa kujizuia. Nikasimama nikauliza, mbona vipimo vyenu mlivyotugawia vina miezi miwili mitupu? Wakajibu mtambo ulikuwa kwenye matengenezo, na hakuna aliyeguna. Mtambo wao ukilala ni matengenezo, mama yangu akiuguza ni udanganyifu! Waziri wetu, aliyekuwa ameahidiwa kujengewa barabara na watu wale wale, alitazama saa yake, akatia saini hesabu zao.

Tuliporudi tulimkuta baba mdogo amekaa kibarazani anatusubiri. Mama alimweleza yote, hakujitetea.

"Shemeji, nimewaangusha."

Baba mdogo alinitazama mimi, muda mrefu, kisha akamgeukia mama. "Huyu mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka hospitali. Ningekukuta mtoni siku zile, shemeji, ningekulaani."

Mwaka uliofuata mfereji ulikauka mahindi yakiwa yanachanua. Baba mdogo aliuza shamba, akaenda kulinda geti la kiwanda. Akija kwetu hunitania, huniuliza habari za kazi, na hajanitupia neno baya hata siku moja. Mimi ndiye nisiyeweza kumtazama machoni.